Jawabu kwa Swafiya

Swafiya, waniuliza jina la daktari wa paka
kama mtu aombaye chumvi juu ya ukuta,
mkono umeunyosha, roho iko jikoni.
Jina nitakupa. Kaa kitako kwanza.

Wamkumbuka Kungumanga,
aliyekuwa akilala juu ya cherehani yangu,
mkia ukining'inia karibu na sindano,
nami nikidarizi kanzu za watu kwa hofu?
Alianza kuingia kwenye karai la mchanga, kuchuchumaa,
kutoka, kuingia tena,
kisha kunitazama
kama mtu aliyesahau neno alilotaka kusema.
Nikasema amekula kitu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Halafu nikampeleka kwa yule wa karibu.
Kosa langu nalitaja kwa jina lake: karibu.
Duka la chakula cha kuku, hapa hapa Likoni,
koti jeupe limetundikwa msumarini,
halina doa hata moja.
Mimi fundi wa nguo, na lile koti sikulisoma!
Kikapu hakukifungua. Aliniuliza uzani,
nikakisia, naye akakubali makisio yangu,
akavuta dawa kwenye chupa yenye picha ya mbuzi.
"Kesho mzima," akasema.
Nami nikalipa, Swafiya. Nikalipa na kushukuru.

Jemadari alipoanza mchezo ule ule wa karai
sikungoja hata chai.
Kwenye feri kila abiria ana daktari wake:
mwenye mkungu wa ndizi akanisifia mmoja wa Nyali,
ana baridi ya mashine na samaki ndani ya kioo;
mama mmoja akaapa kwa mafuta ya nazi;
kijana akauliza kwa nini nisichukue mwingine,
wamejaa Marikiti, bure.
Jemadari akamjibu mwenyewe, kutoka kikapuni,
kwa sauti iliyonyamazisha upande mzima wa chombo.

Yule mama wa Ganjoni hakusema "mtoe."
Alikifungua kikapu, akavua viatu, akakaa sakafuni.
Koti lake lilikuwa limekwaruzwa mikono yote miwili,
limeshonwa vibaya, kwa uzi wa rangi nyingine.
Akauliza: anywea wapi maji? Karai liko pembe gani?
Nyumbani nani kahama?
Nani kahama! Nikamwambia binti yangu kaolewa Lamu.
Hilo nalo akaliandika.
Jemadari akatoka kwa hiari yake, akamnusa goti,
ndipo akampapasa tumbo,
hivi ninavyotafuta pini iliyopotea ndani ya kitambaa.

Halafu akasema, "Sijui."
Kibofu kimejaa, hilo alijua. Kilichoziba ni nini, hakujua.
Akampigia simu mwalimu wake, mbele yangu,
bila kunigeuzia kisogo.
Akanitajia bei kabla ya sindano,
na mauti kabla ya bei.

Alipokuwa akinawa nikamsimulia Kungumanga,
chupa ya mbuzi na yote.
Nilingoja amtukane yule mtu wa duka, nipumue.
Aliniuliza tu, "Ulikaa naye siku ngapi?"
"Tatu."
Akafunga bomba. Hakusema si kosa lako.
Akanipa taulo nishike upande mmoja, yeye akashika wa pili,
tukamkunjia Jemadari pamoja.

Basi andika: Daktari Kadzo, Ganjoni, juu ya fundi saa,
ngazi hazina taa, shika ukuta.
Usimwamini kwa sababu wangu alipona.
Mtazame mikono, na uone kama atakaa chini.

Lakini nawe hujaniambia,
wako alikojoa lini mara ya mwisho?

Jana asubuhi?

Zima jiko, Swafiya. Acha hicho chakula.
Kikapu changu kiko nyuma ya mlango,
na feri haijajaa bado.